Hasira, Kinyongo na Dhamiri: Kiswahili cha Kujichunguza katika Mapokeo ya Kikatoliki, kwa Kuzingatia Ufipa

1.0 Utangulizi

Katika orodha ya vilema vikuu saba, ambavyo wengine huviita mizizi ya dhambi, hasira hutajwa kwa neno moja tu. Mtoto anayejiandaa kupokea Komunyo ya Kwanza huikariri pamoja na majivuno, uchoyo, uzinzi, wivu, ulafi na uvivu. Kisha huambiwa achunguze dhamiri yake aone kama amewahi kukasirika. Jibu halina fumbo, kwani hakuna binadamu asiyekasirika. Basi mtoto huyo huungama kwamba amekasirika mara kadhaa, hupewa malipizi, na hurudi nyumbani. Miaka arobaini baadaye, akiwa baba au mama mwenye familia, aghalabu huungama kwa maneno yaleyale.

Mhadhara huu unashughulikia maneno hayo. Si mahubiri, wala si somo la teolojia katika maana yake kamili. Ni mjadala kuhusu namna ambavyo lugha yetu inamsaidia au inamzuia mtu kuutazama moyo wake mwenyewe. Hoja ninayotaka kuitetea ni kwamba Kiswahili kinatenganisha waziwazi hasira inayompata mtu na hasira ambayo mtu huiweka. Tofauti hiyo ndiyo ambayo walimu wa Kanisa wamekuwa wakiitafuta tangu karne ya nne. Hata hivyo, neno moja la orodha, yaani hasira, huificha tofauti hiyo kila mwamini anapojichunguza.

Nimeichagua Ufipa kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, ni nyanda ambako Ukatoliki umeshika mizizi kwa zaidi ya karne moja. Pili, ni mahali ambapo swali la nani ana kinyongo na nani halijawa swali la faragha tu. Limewahi kukusanya vijiji vizima uwanjani. Ieleweke kwamba nazungumzia Kiswahili, ambacho ni lugha ya ibada na ya mafundisho katika Jimbo la Sumbawanga. Kifipa, ambacho Guthrie alikiweka katika kundi la M13, kinastahili mhadhara wake.

2.0 Msamiati wa hasira

Tuanze na kamusi. Mzungumzaji wa Kiswahili ana maneno mengi ya kuchagua: hasira, ghadhabu, ghaidhi, hamaki, harara, uchungu, chuki, kinyongo, fundo, nongwa, kisasi. Maneno haya si visawe kamili, kwani kila moja lina mahali pake na muda wake.

Hamaki ni hasira ya ghafla. Limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya upumbavu, na mzizi huo bado unaonja katika matumizi yetu. Mwenye kuhamaki hutenda kabla ya kufikiri, na hasira ikishatulia hujuta. Ghadhabu ni kubwa zaidi na mara nyingi huambatana na mamlaka. Tunazungumza kuhusu ghadhabu ya Mungu au ya mfalme, si ghadhabu ya mtoto aliyenyang'anywa embe. Kisasi, linalotokana na neno la Kiarabu la malipo ya sawa kwa sawa, si hisia hata kidogo. Ni tendo, au mpango wa tendo. Ndiyo maana hatusemi kwamba mtu ameshikwa na kisasi, bali tunasema amelipiza kisasi.

Kinyongo ndilo neno litakaloturudia mara nyingi zaidi leo. Limejengwa juu ya nyongo, ule ute mchungu ulio karibu na ini. Mwenye kinyongo habweki wala hapigi. Husalimia, hucheka, hushika jembe pamoja na wenzake, lakini ndani yake kuna uchungu uliohifadhiwa. Neno fundo hueleza jambo hilohilo kwa taswira nyingine: kitu kilichofungwa, ambacho hakitafunguka mpaka mtu akae chini akifungue kwa vidole vyake mwenyewe.

Methali maarufu ya hasira hasara hucheza na maneno mawili ambayo asili zake ni tofauti. Hasira huhusishwa na neno la Kiarabu la huzuni na majuto, ilhali hasara hutokana na mzizi wa kupoteza. Methali hiyo ni onyo zuri kuhusu hamaki, yaani sahani iliyovunjwa, kofi lililopigwa, kazi iliyoachwa kwa jazba. Kuhusu kinyongo haisemi kitu, maana kinyongo kinaweza kukaa miaka ishirini bila kuvunja hata kikombe.

3.0 Sarufi ya hasira

Tofauti hizi hazimo katika msamiati peke yake. Zimo pia katika sarufi, na hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapoweza kuwasaidia wanateolojia.

Chunguza sentensi hizi tatu: "Hasira zilinipanda." "Nilimwekea kinyongo." "Nililipiza kisasi." Katika sentensi ya kwanza kiima ni hasira, nami ni shamirisho. Hasira zinapanda, zinanishika, zinanijaa. Mimi ni mahali ambapo jambo limetokea. Hata kitenzi kukasirika kimebeba umbo la kutendeka: mtu hukasirika kama vile kikombe kinavyovunjika au mlango unavyofunguka. Tukitaka kumtaja aliyesababisha, twasema fulani alinikasirisha, na hapo pia msemaji anabaki kuwa shamirisho.

Katika sentensi ya pili mambo yanageuka. Kuweka ni kitenzi cha mtendaji. Kinyongo hakinipandi, wala hakinishiki njiani. Nimekiweka mimi, kama mtu anavyoweka akiba. Aidha, kauli ya kutendea katika nilimwekea inamtaja mtu wa pili: nimekiweka kwa ajili yake. Tunasema pia mtu ameliweka jambo moyoni, nalo ni tendo lenye mtendaji, mahali na kusudi.

Kwa hiyo, anayeungama kwamba alikasirika anatoa taarifa kuhusu tukio lililompata. Anayeungama kwamba amemwekea ndugu yake kinyongo anataja tendo alilolifanya na ambalo bado anaendelea kulifanya. Lugha imemfikisha mlangoni pa dhamiri bila yeye kusoma kitabu chochote cha maadili. Kinachosikitisha ni kwamba katika kujichunguza tumezoea kutumia sentensi ya kwanza.

4.0 Mapokeo ya Kikatoliki kuhusu hasira

4.1 Kutoka jangwani hadi Toma wa Akwino

Orodha ya vilema ina historia ndefu. Mmonaki Evagri wa Ponto, aliyefariki mwaka 399 katika jangwa la Misri, alihesabu mawazo mabaya manane, hasira ikiwemo. Mwanafunzi wa mapokeo hayo, Yohane Kasiani, aliyapeleka Ulaya Magharibi mwanzoni mwa karne ya tano. Mwishoni mwa karne ya sita Papa Gregori Mkuu aliipanga orodha upya ikawa ya vilema saba vitokanavyo na majivuno, akaipa hasira mabinti sita: magomvi, kufura kwa moyo, matusi, makelele, kukereka na kufuru. Msomaji wa Kiswahili hawezi kukosa kuona kwamba Gregori anataja uvimbe wa nafsi, nasi twasema mtu amefura kwa hasira.

Kasiani ana mambo mawili yanayotuhusu sana. La kwanza ni kwamba kuwakimbia watu si dawa ya hasira. Anaeleza kuwa mmonaki aliyejitenga peke yake jangwani hukasirikia kalamu isiyoandika vizuri, kisu kisichokata, na jiwe lisilotoa cheche haraka. La pili ni onyo lake kuhusu uvumilivu wa uongo. Wako watu, anasema, ambao hawajibu tusi kwa tusi, lakini kimya chao kimekusudiwa kumchoma mwenzao kuliko neno lolote. Kimya cha namna hiyo si upole. Ni hasira iliyopata mavazi ya heshima.

Katika karne ya 13 Mtakatifu Toma wa Akwino aliliweka suala hili katika mpangilio. Katika sehemu ya pili ya Summa yake, swali la 158, anafuata mgawanyo wa Aristotle na kutaja aina tatu za wenye hasira: wepesi, ambao huwaka kwa jambo dogo, wachungu, ambao hasira yao hukaa muda mrefu katika kumbukumbu, na wagumu, ambao hawatulii mpaka wamwadhibu aliyewakosea. Tukiitafsiri orodha hiyo kwa Kiswahili hatuhitaji kuunda istilahi hata moja. Wa kwanza ni wenye hamaki, wa pili ni wenye kinyongo, wa tatu ni wenye kisasi. Hata taswira inaafikiana: neno la Kigiriki ambalo Aristotle alilitumia kwa kundi la pili lina maana ya wachungu, na kinyongo chetu kimetoka kwenye nyongo.

Toma anaongeza kwamba msukumo wa kwanza wa hasira, kabla akili haijaukubali, si dhambi ya mauti. Uzito huanza pale utashi unapoukaribisha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafuata njia hiyohiyo katika namba 2302 na 2303, inapoieleza hasira kama tamaa ya kulipiza kisasi, kisha ikaendelea hadi chuki ya makusudi. Hiyo ndiyo tofauti kati ya hasira zilizonipanda na kinyongo nilichokiweka.

4.2 Namna ya kujichunguza

Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliwaagiza waamini wote waungame angalau mara moja kwa mwaka. Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulifafanua kwamba dhambi za mauti sharti zitajwe kwa aina na idadi. Katika karne hiyohiyo Inyasi wa Loyola, katika Mazoezi ya Kiroho, alifundisha uchunguzi maalumu wa kilema kimoja: mtu achore mistari kwa kila siku ya juma, na mara mbili kwa siku aweke nukta kwa kila kosa, kisha alinganishe siku na siku, juma na juma.

Njia hii ilifika Afrika Mashariki na wamisionari. Shirika la Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe, lililoanzishwa na Lavigerie huko Algeria mwaka 1868, lililelewa katika roho ya Inyasi. Mwaka 1885 mapadri wake walikabidhiwa na Wabelgiji kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, na kutoka ukanda huo wa ziwa wakapanda hadi nyanda za juu za Ufipa. Kipindi cha miaka minne ambacho Lavigerie alikiagiza kabla ya ubatizo kilikuwa shule ya imani na pia shule ya kujichunguza.

Kwa hamaki, hesabu ya Inyasi inafaa sana. Anayempigia mtoto kelele mara nane Jumatatu na mara tatu Ijumaa ana jambo la kumshukuru Mungu. Lakini kinyongo hakihesabiki kwa nukta. Ni kimoja tu, nacho kinadumu. Mtu aliyemnunia kaka yake tangu mgawanyo wa shamba la marehemu baba yao hakutenda kosa mara tano. Amelitenda mara moja, na bado analitenda. Swali la mara ngapi linampita pembeni. Swali linalomfaa ni tangu lini.

5.0 Ufipa: amani na yaliyo chini yake

Nyanda za juu za Ufipa ziko kati ya mabonde mawili, Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga umekuwa makao makuu ya Mkoa wa Rukwa tangu mkoa huo uundwe mwaka 1974. Kanisa la eneo hili liliongozwa kwa miaka mingi kutoka Karema. Tangu mwaka 1969 jimbo limeitwa Jimbo la Sumbawanga.

Historia ya Wafipa ina jambo ambalo limewashangaza watafiti. Katika miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba waliingia Ufipa, na kiongozi wao huyo alifia huko. Ungetarajia kwamba nchi ya baada ya hapo ingekuwa ya vita. Lakini msafiri Joseph Thomson, alipopita mwaka 1880, aliwakuta wakulima watulivu. Walilima kwa matuta ya mviringo yaliyofukiwa majani, walifua chuma katika matanuru marefu ya udongo, na walifuma nguo za pamba. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliona uhaba uleule wa ugomvi wa wazi, na mwaka 1989 alichapisha makala kuhusu kitendawili hicho cha amani ya Ufipa.

Jamii ambayo kupigana hadharani ni aibu kubwa imeshinda sehemu muhimu ya hasira. Imeishinda hamaki, na imekipunguzia kisasi nafasi. Hili si jambo dogo, na jamii nyingi duniani zingelitamani. Lakini sheria ya adabu inatawala uso na mikono, wala haifiki kwenye nyongo. Pale ambapo haistahili kufoka, hasira isiyosemwa inapata motisha ya kuwekwa. Kimya kinakuwa na maana mbili, ya upole na ya kinyongo, na jirani hana njia ya kujua ni ipi. Waswahili wamelisema hilo kwa methali kwamba moyo wa mwenzio ni msitu wa giza.

Yeyote aliyeishi kijijini anajua kinachofuata. Mtoto anaugua ghafla. Mahindi ya huyu yanastawi na ya yule yananyauka. Watu wanaanza kukumbuka: ni nani aliyenuna siku ya harusi, ni nani aliyeondoka bila kuaga kwenye msiba, ni nani aliyenyimwa mbegu akasema si kitu. Kinyongo kinachodhaniwa kuwamo ndani ya mwingine kinageuka ushahidi wa uchawi. Wenyeji wengi hulifasiri jina la Sumbawanga kuwa ni amri ya kuutupa uchawi. Jina hilo limeleta dhihaka nyingi kwa wakazi wake katika mazungumzo ya Watanzania wengine. Ukilisikiliza kwa makini utaona kwamba ni jina la watu waliotaka kuondokana na jambo, si la watu wanaojivunia jambo hilo.

6.0 Kamchape na kiti cha maungamo

Mwaka 1963 na 1964 harakati iliyoitwa Kamchape ilipita katika vijiji vya Ufipa. Willis aliieleza katika makala yake ya mwaka 1968. Mizizi yake ni ya zamani zaidi: miaka ya 1930 harakati ya Mchape ilitokea Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, ikaenea katika nchi jirani. Audrey Richards, aliyeiona Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, alieleza mwaka 1935 jinsi wanakijiji walivyopangwa mstari na kupita nyuma ya mtaalamu aliyewatazama katika kioo kidogo, akisema nani ni mchawi na nani si mchawi. Waliotajwa walitakiwa kusalimisha pembe na dawa zao, kisha wakanyweshwa dawa ya kuwazuia wasirudie.

Waliopokea Kamchape Ufipa walikuwa, wengi wao, Wakristo waliobatizwa na waliokuwa wakiungama. Kwa nini basi waliihitaji? Sidhani kwamba jibu ni ujinga au imani haba. Ninavyoona mimi, Kamchape iliahidi jambo ambalo kiti cha maungamo, kwa namna kilivyotumika, hakikuligusa. Iliahidi kuvifikia vinyongo vya kijiji na kuvimaliza hadharani, watu wote wakiwepo, ili kesho yake waweze kusalimiana bila hofu. Maungamo yalisikiliza idadi ya hamaki kwa siri. Nyongo ilibaki mahali pake.

Lakini angalia tofauti ya nafsi katika sarufi ya njia hizi mbili. Mpiga ramli na mwenye kioo huzungumza katika nafsi ya tatu: yeye ana kinyongo, yeye ameniwekea, yeye ananionea wivu. Msemaji ni shamirisho siku zote. Kuchunguza dhamiri kunadai nafsi ya kwanza umoja: mimi nimemwekea. Neno dhamiri lenyewe, katika Kiarabu lilikotoka, lina maana ya kile kilichofichika ndani, na wanasarufi wa Kiarabu hulitumia kwa kile tunachokiita kiwakilishi nafsi. Naona sadfa hiyo inafaa. Kuichunguza dhamiri ni kubadili kiwakilishi, kutoka yeye kwenda mimi.

Hapa hapana mchezo wa maneno. Katika maeneo kadhaa ya magharibi ya Tanzania, kwa miongo mingi, wazee, hasa wanawake, wameuawa au kufukuzwa makwao kwa sababu mtu fulani alisadiki kwamba wana kinyongo naye. Kila kisa cha namna hiyo kilianza na sentensi ya nafsi ya tatu ambayo hakuna aliyeigeuza. Mara nyingi aliyekuwa na kinyongo kweli alikuwa ni mshtaki: kuhusu ardhi, kuhusu urithi, kuhusu mlo ambao bibi mzee anaula bila kulima. Methali ya kikulacho ki nguoni mwako hutumiwa kumnyooshea kidole jirani au ndugu. Tuisome upya: hakuna aliye karibu na nguo yangu kuliko mimi.

Kuna pingamizi linalostahili kujibiwa. Mtu anaweza kusema: itakuwaje kama jirani yangu kweli ana kinyongo nami? Injili ya Mathayo, sura ya tano, inalijua swali hilo. Anayepeleka sadaka altareni akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake, yaani ndugu ndiye mwenye kinyongo, anaagizwa aiache sadaka, aende kwanza apatane naye. Kasiani alilisisitiza jambo hili kwa wamonaki wake waliodhani kwamba inatosha wao wenyewe kuwa na moyo mweupe. Kwa hiyo kinyongo cha mwingine kinanihusu, lakini kinanipeleka nyumbani kwake, hakinipeleki kwa mpiga ramli. Njia hizi mbili zinaanzia kwenye mlango mmoja, na zinaishia mahali tofauti kabisa.

Kanisa lenyewe limekiri kwamba upatanisho una sura ya kijumuiya. Utaratibu mpya wa Kitubio, uliotolewa Roma mwaka 1973, uliweka nafasi ya waamini kujichunguza pamoja kabla ya kila mmoja kuungama peke yake, na kielelezo chake cha kuchunguza dhamiri kinauliza kama aliyekosewa yuko tayari kupatana au anatunza chuki. Katika muongo huohuo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Nyumba kumi au kumi na tano zinazosali pamoja kila juma zinajua vizuri nani hasalimiani na nani.

7.0 Hasira isiyo dhambi

Kabla ya kuhitimisha, sina budi kutaja hatari iliyo upande wa pili. Ukimwambia kila mtu aitoe hasira yake moyoni, utamwambia hivyo pia mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji zake, na mke anayepigwa. Mafundisho ya upole, yakitumiwa vibaya, huwa kamba ya kuwafungia walioonewa.

Mapokeo hayaungi mkono matumizi hayo. Toma wa Akwino, katika swali lilelile la 158, anauliza kama kukosa hasira kunaweza kuwa kilema, na anajibu kwamba ndiyo, pale ambapo haki inadai mtu aguswe naye haguswi. Katekisimu, katika namba niliyoitaja, inasema kwamba kudai fidia ili kurekebisha uovu na kulinda haki ni jambo la kusifiwa. Kiswahili nacho kinasaidia. Mjane yule hana kinyongo, ana uchungu. Uchungu huelekea kwenye jambo lililotendeka na hutafuta haki mbele ya baraza la kata au mahakama. Kinyongo huelekea kwa mtu na hutafuta aumie. Uchungu ukinyimwa haki muda mrefu unaweza kuganda ukawa kinyongo, na katika hali hiyo dhamiri za kuchunguzwa kwanza ni za wale walioziba masikio, si ya mjane.

8.0 Hitimisho

Kama Kiswahili kinatenganisha hamaki, kinyongo, kisasi na uchungu, basi vitabu vyetu vya sala na mafundisho vinaweza kuuliza maswali manne mahali pa moja. Kuhusu hamaki: ni nani hupatwa na ukali wangu, na je, ni wale tu wasioweza kunijibu? Kuhusu kinyongo: ni nani ambaye nimemwekea jambo moyoni, tangu lini, na ni kimya gani changu kinachomchoma? Kuhusu kisasi: ni hasara ya nani ambayo ningefurahi kuisikia leo? Kuhusu uchungu: ni uonevu gani nilioushuhudia nikabaki mtulivu kwa sababu haukunihusu? Na kwa Ufipa, pamoja na kila mahali panapofanana nayo, swali la tano: ni nani ambaye nimemshuku, nikamsema kwa wengine, wala sijawahi kwenda kuketi naye?

Maswali haya hayahitaji mwamini mwenye elimu ya chuo. Yanatumia maneno ambayo bibi yeyote wa Namanyere au Laela anayatumia sokoni. Kazi iliyobaki ni ya wale wanaotafsiri na kuandika vitabu vya mafundisho, ambao wengi wao wamepita katika idara kama hii. Wakiendelea kuandika hasira peke yake, muungamaji ataendelea kuhesabu mara zile zilipompanda, na kinyongo alichokiweka kitasubiri mtu mwingine aje kukitafuta, pengine akiwa na kioo mkononi, na pengine ndani ya moyo usiokuwa nacho.